Tamko la Masonara Kuhusu Taji la Maqdala

Sisi wanachama wa chama cha masonara wa mwambao, tuliokutana katika mkutano mkuu wa mwaka, tumeazimia kwa kauli moja kusema hadharani juu ya taji la dhahabu la Ethiopia lililoporwa Maqdala mwaka 1868, ambalo hadi leo limo katika makumbusho ya Victoria and Albert, London. Wanahistoria, wanadiplomasia na viongozi wa dini wamekwisha kulisemea taji hili. Sisi tunalisemea kama watu wa nyundo na moto.

KAZI YENYEWE

Inaaminika kwamba taji hili liliagizwa miaka ya 1740 na Malkia Mentewab pamoja na mwanawe, Mfalme Iyasu wa Pili, likatolewa kwa kanisa la Bibi Maria la Qwesqwam, karibu na Gondar. Dhahabu yake imechanganywa na fedha na shaba, kwa kuwa dhahabu tupu ni laini mno. Lina kazi ya waya mwembamba, shanga za kioo, na sura za Wainjilisti na Mitume zilizotokezwa kwenye bamba.

Asiye fundi huona mapambo. Sonara huona hatari. Waya mwembamba kama uzi hushikizwa kwa lehemu inayoyeyuka mapema kidogo tu kuliko waya wenyewe. Moto ukipungua, lehemu haishiki. Ukizidi kidogo, waya hunywea na kazi ya siku nzima inageuka tone. Sura nazo hutolewa kwa kugonga bamba kwa nyuma, polepole, huku likipashwa moto tena na tena lisipasuke, kisha fundi huligeuza na kuchonga macho, ndevu na mikunjo ya nguo.

Ujuzi huu hausomwi kwa picha za utalii. Alama za nyundo upande wa ndani, lehemu iliyovuja, kosa lililorekebishwa: hayo ndiyo maandishi ambayo fundi humwachia fundi ajaye. Fundi kijana wa Gondar anayetaka kuyasoma maandishi ya mababu zake inambidi aombe viza.

JINSI LILIVYOONDOKA

Tarehe 13 Aprili 1868, jeshi la Uingereza chini ya Robert Napier liliivamia ngome ya Maqdala, ambako taji hilo lilikuwa limefikishwa. Lilitumwa kuwakomboa Wazungu waliofungwa na Mfalme Tewodros wa Pili, na wafungwa hao walikuwa wamekwisha kuachiwa kabla ya shambulio la mwisho. Tewodros alijiua. Ngome ikaporwa, na kanisa la Medhane Alem likaporwa pia. Mali ilibebwa na tembo 15 na nyumbu karibu 200, ikapigwa mnada kwa askari. Mwaka 1871, Waziri Mkuu Gladstone mwenyewe alisema bungeni kwamba anasikitika vitu hivyo kuletwa Uingereza.

Mwaka 1925, Uingereza ilimrudishia Malkia Zewditu wa Ethiopia taji jingine lililotoka Maqdala, la fedha iliyochovywa dhahabu. Taji la dhahabu likabaki London. Sisi tunaoshika mizani kila siku tunaelewa uchaguzi huo ulipimwa kwa kitu gani.

HOJA TUNAZOZIKATAA

Tunaambiwa sheria ya mwaka 1983 inayafunga mikono makumbusho hayo. Sheria hutungwa na bunge, na bunge hilohilo linaweza kuibadilisha. Mwaka 2018 likatolewa wazo la mkopo wa muda mrefu. Mwenye mali hakopeshwi mali yake.

Tunaambiwa pia kuwa Afrika vitu hupotea. Ni kweli, taji la kanisa la Cheleqot liliibwa Ethiopia miaka ya 1990. Mwethiopia mmoja mkimbizi akalihifadhi Rotterdam kwa zaidi ya miaka 20 mpaka liliporudi nyumbani Februari 2020. Lakini tarehe 19 Oktoba 2025 wezi waliingia makumbusho ya Louvre, Ufaransa, mchana kweupe, wakaondoka na vito vya kifalme, na taji la Malkia Eugénie likaangushwa njiani na kuharibika. Hakuna aliyesema Ufaransa haistahili kutunza mataji yake.

Sisi wa mwambao tunajua thamani ya kitu cha enzi kubaki kwao. Mtoto wa Lamu anaweza kwenda kwa miguu hadi makumbusho ya mjini kwao, akasimama mbele ya baragumu za enzi, siwa ya shaba ya Lamu na siwa ya pembe za ndovu ya Pate, akaziona nakshi kwa macho yake. Tunawatakia ndugu zetu wa Gondar jambo hilohilo.

KWA HIYO TUNATAMKA

1. Serikali na Bunge la Uingereza zifungue njia ya kisheria ili taji la Maqdala lirudi Ethiopia moja kwa moja, si kwa mkopo.

2. Kabla ya hapo, mafundi wa Ethiopia wapewe bila malipo picha za taji ndani na nje pamoja na vipimo vya mchanganyiko wa madini, na wanaotaka kulichunguza kwa karibu wawezeshwe kusafiri.

3. Serikali ya Ethiopia na Kanisa la Othodoksi, taji likirudi, ziweke nafasi kwa ajili ya mafundi na wanafunzi wao wajifunze mbele yake.

4. Sisi wenyewe tuanze nyumbani. Mara kwa mara mteja hutuletea kekee za bibi yake, bangili za fedha nzito zenye nakshi za mkono, akitaka mkufu mwembamba wa kisasa. Tunapima, tunataja bei, tunawasha moto. Kwa dakika chache kazi ya fundi aliyekwisha kufariki inakuwa maji ndani ya chungu, na hakuna jeshi lililotuvamia. Kuanzia leo, kila mwanachama anayeletewa kazi ya zamani ataipiga picha, ataipima na kuiandika daftarini, na atamweleza mwenye mali anachotaka kukiyeyusha, kabla ya kukoleza makaa. Mwenye mali akikubali kuiuza bila kuyeyushwa, chama kitamsaidia kupata mnunuzi atakayeitunza.

Tunadai London irudishe kilichochukuliwa kwa nguvu. Ili dai hilo liwe na uzito, daftari letu lisiwe tupu mkutano ujao.

Limetolewa na Kamati ya Utendaji kwa niaba ya wanachama wote.