Msichukue michoro ya watoto wetu, wafundisheni kuitembeza



Wiki hii nimepata tena mwaliko kwa WhatsApp. Mazungumzo na warsha juu ya sanaa na teknolojia ya filamu za katuni, siku mbili, ndani ya jumba la makumbusho, katika mji mkubwa. Lugha ni Kifaransa. Kujiandikisha ni kwa intaneti. Nauli na malazi, kila mtu ajitegemee. Na chini ya mwaliko, kwa kupamba, wameweka mchoro wa mtoto: nyumba inawaka, watu wamebeba magodoro kichwani, mtu mwenye bunduki ni mkubwa kuliko mlima.

Hapo ndipo nilikasirika. Mtoto aliyechora ile nyumba hakualikwa. Mchoro wake tu ndio ulioalikwa.

Wengi wenu mnajua ninachosema, maana mliyaona kwa macho yenu. Mwisho wa mwaka wa 2023 nilikuwa katika kambi moja magharibi ya Goma, nafuatilia habari ya maji. Ikaja gari, wakashuka vijana wazuri wenye jile za shirika, sitaja jina lao. Wakakusanya watoto chini ya bashi, wakagawa kreyo na makaratasi meupe. Wakawaambia: chora yaliyokupata. Watoto wakachora. Msichana mmoja yeye akachora mbuzi aliyevaa viatu. Kijana wa shirika akamwambia kwa upole, hapana dada, chora vita, chora namna mlivyokimbia. Yule mtoto akanyamaza, akaendelea kumpaka mbuzi rangi. Baada ya saa mbili michoro ikakusanywa, kreyo zikahesabiwa na kurudishwa ndani ya katoni, gari ikaondoka. Mchoro wa mbuzi ulibaki chini, kwenye mawe ya volkano. Huo peke yake ndio hawakuutaka.

Wengine wataniambia ni jambo dogo. Nasema si dogo. Mtoto ametoa kitu alichokuwa nacho, kimechukuliwa, kimepelekwa kwenye ripoti, kwenye maonyesho, kwenye ukuta wa jumba ambalo yeye hataliingia. Yeye hakubaki hata na kreyo. Na hakuna aliyemfundisha kitu chochote siku ile.

Sasa mimi sipingi makumbusho, wala sipingi katuni. Napinga kuambiwa kwamba elimu hii ni ya mbali, inataka mashine za bei kali, na kwamba watoto wetu kazi yao ni kutoa huzuni tu. Tuangalie ukweli wa hii teknolojia.

Katuni ni picha zisizotembea zinazopita haraka mbele ya macho mpaka akili inaziunga. Mwaka wa 1832 Joseph Plateau, mwanasayansi wa Ubelgiji, alichora picha kuzunguka duara la karatasi ngumu, akatoboa matundu pembeni, akalizungusha mbele ya kioo akichungulia kupitia matundu. Picha zikacheza. Hapakuwa na kompyuta, hapakuwa na umeme. Miaka sitini baadaye, Oktoba 1892, Mfaransa Émile Reynaud alionyesha picha zake alizochora kwa mkono, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na fasi yenyewe ilikuwa Musée Grévin huko Paris. Ndiyo, ni jumba la makumbusho! Ndugu Lumière walikuja na sinema yao miaka mitatu nyuma yake. Kwa hiyo katuni na makumbusho ni marafiki wa zamani. Hata leo, kwenye makumbusho ya Ghibli pale Mitaka, Japani, watoto husimama mbele ya gurudumu la sanamu ndogo: likizunguka na taa ikimulika kwa vipindi, sanamu zinaruka kama ziko hai. Mtoto anatoka pale amejua siri.

Kwetu siri hiyo ni ya bei gani? Katoni ya sabuni iko. Kioo kiko kwa kinyozi. Simu moja yenye kamera iko karibu kila avenue, hata kambini, na taa ya sola iko. Filamu kubwa za sinema hupitisha picha 24 kwa sekunde, lakini wachoraji wengi hutumia michoro 12, kila mmoja ukipigwa mara mbili, na mwanafunzi anaweza kuanza na 8. Hesabuni pamoja nami. Sekunde kumi kwa picha 8 ni picha 80. Watoto ishirini, kila mmoja achore nne, kazi imekwisha. Mmoja anashika simu iliyofungwa kwenye kijiti ili isitikisike, mwingine anabadilisha karatasi, mwingine anahesabu. Mkitaka kupunguza kuchora, kateni chukudu ya karatasi, magurudumu yake mbali na mwili wake, muisogeze kidogo, mupige picha, muisogeze tena. Itapanda kilima cha Ndosho bila mtu kuisukuma. Hiyo ni hesabu, ni ufundi wa mwanga, ni kufanya kazi kwa zamu. Mwalimu yeyote wa darasa la tano anaweza kuifundisha akioneshwa siku mbili.

Na tusiseme ni mambo ya wazungu. Ni kweli kwamba katika miaka ya 1950 padri Mbelgiji, Van den Heuvel, alitengeneza katuni za Mboloko, yule swala mdogo mjanja wa hadithi zetu. Hadithi ilikuwa ya mababu, kamera ilikuwa ya misioni. Lakini mwaka wa 1988 Mkongomani, Jean-Michel Kibushi, alianzisha Studio Malembe Maa, studio ya kutembea. Mwaka wa 1991 alitoa filamu ya chura aliyekwenda ukweni, hadithi ambayo bibi yeyote angeitambua. Halafu ikaja ile ninayotaka muishike: Septembre noir, ya 1992. Mnakumbuka, wazee, Septemba 1991, wanajeshi wasiolipwa walivyopora Kinshasa na wakaaji wakajiunga nao. Kibushi alichukua michoro ya watoto waliouona uporaji ule, akaitembeza. Michoro ya watoto ikawa filamu ya inchi yenyewe juu ya siku zake mbaya. Haikubaki kuwa pambo chini ya mwaliko wa mtu.

Basi njia ilishafunguliwa na mtu wetu, zaidi ya miaka thelathini imepita. Mbona tunaendelea kukusanya michoro kama mtu anayevuna shamba la mwenzake?

Baba mmoja, mzee wa kamati ya waliohama, alinikatiza nilipoanza hotuba hii kwake. «Bwana mwandishi, sisi tunataka unga na dawa. Wewe unatuletea katuni?» Sikumcheka, na sitamcheka hapa. Unga kwanza, kabisa. Lakini nilimwuliza: baba, ile gari ya kreyo ilipokuja, ilikuja na unga? Alisema hapana. Pesa ya kukusanya michoro ilikuwepo. Petroli ya kuja na kurudi ilikuwepo. Tofauti ya wizi na masomo ilikuwa siku mbili zaidi kambini na mtu mmoja anayejua kazi. Na mtoto ambaye shule yake imefungwa au imejaa watu waliokimbia, mchana wake ni mrefu sana. Tumeona wanaokuja kuujaza ule mchana, na si wote wenye nia nzuri.

Kuna pia wanaosema kuchora vita kunamtoa mtoto uchungu. Pengine. Mimi si daktari. Lakini basi mwacheni achague. Anayetaka kuchora moto, achore moto. Anayetaka mbuzi mwenye viatu, apewe karatasi kumi zaidi ili mbuzi atembee.

Serkali yetu ina Makumbusho ya Taifa mapya pale Kinshasa, yaliyojengwa kwa msaada wa Korea Kusini na kufunguliwa Novemba 2019. Ni jengo zuri, ninafurahi liko. Lakini kutoka Goma hakuna barabara ya kufika huko, na tiketi ya ndege ni mwaka mzima wa makala. Kwa hiyo msituambie mlango uko wazi kwa wote. Lubumbashi kuna makumbusho, Bukavu kuna Musée du Kivu, na hapa Goma Yole!Africa imefundisha vijana filamu kwa miaka mingi. Watu wa kufanya kazi hii wako, na Kiswahili wanakijua. Ninachotaka kwa wenye majumba ni kidogo: wakati mwingine mukiandaa mazungumzo juu ya katuni, nusu ya siku zile zifanyike nje ya jumba, kwenye shule inayowapokea waliohama, kwa Kiswahili. Filamu itakayotoka ionyeshwe kwanza pale pale, kwenye shuka nyeupe, mbele ya wazazi. Majina ya watoto yaandikwe mwishoni kama wazazi wakikubali. Na karatasi zibaki kwa waliozichora. Mukitaka moja kwa ukuta wenu, muiombe, na mukubali kukataliwa.

Mkuu yeyote wa makumbusho au wa shirika akiona nimemwonea, mikro yetu iko wazi kwake.

Na neno la mwisho kwa waliokuwa katika ile kambi kabla ya kambi za pembeni ya Goma kuvunjwa mapema mwaka wa 2025. Mchoro wa mbuzi niliuokota. Uko ndani ya dafutari yangu, umechafuka kona moja tu. Kama mnajua alikoenda yule msichana na mama yake, mutume ujumbe kwa redio. Ninataka kumrudishia.