Redio ya Babu na Transfoma Iliyoungua

Zingalipo nyumba za pwani zilizohifadhi redio ya valvu iliyonasa Sauti ya Mvita enzi za mababu. Ikitoa harufu ya kuungua, huenda transfoma imeharibika. Lakini usihukumu upesi. Fundi mwelewa kwanza huchomoa valvu zote, kisha huiwasha kwa muda mfupi: transfoma ikipata moto pasipo mzigo, nyaya zake zimegusana ndani. Ikibaki baridi, aghalabu mkosaji ni kapasita iliyochakaa, na transfoma mpya nayo ingeungua vivyo hivyo.

Transfoma mbadala sharti ihimili volti 240 za umeme wetu, na itoe volti zile zile za ya awali: ndogo za kupashia valvu, mara nyingi 6.3, na kubwa zinazopita 200. Isipopatikana dukani, wasukaji wa mota huweza kuisuka upya kwa waya wa shaba.

Nawe mama, walinde watoto. Kapasita huweza kuhifadhi umeme wa kuua hata plagi ikishachomolewa. Kifuniko na afungue fundi pekee. Mwambie aweke na fyuzi: bei yake ndogo, nayo huokoa urithi na nyumba.