Mgeni wa Meli na Mwenyeji Asiyeonekana

Likizo iliyopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja huku kwetu Marani. Mada yangu ilikuwa lugha na ajira. Nilipogusia watalii wanaofika Mombasa kwa meli, kijana mmoja aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, meli ikitia nanga Mombasa, sisi tulio huku kwenye migomba na majani chai yatuhusu nini?" Wenzake waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile lilikuwa na uzito kuliko hotuba niliyoiandaa.

Yafaa kwanza tuelewe jinsi biashara hii inavyoendeshwa. Abiria wa meli ya kitalii hana siku za kupoteza. Aghalabu hushuka asubuhi na kutakiwa arejee melini kabla ya jua kutua. Katika muda huo mfupi ana njia mbili. Ya kwanza ni kununua matembezi yaliyopangwa na kampuni ya meli yenyewe. Ya pili ni kumtafuta mwongozaji wa kujitegemea, wakapatana bei na mahali pa kwenda.

Wengi huchagua njia ya kwanza, na sababu yao si ya kipuuzi. Basi la matembezi ya meli likikwama njiani, meli kwa kawaida huwangoja abiria wake au kampuni hubeba gharama ya kuwafikisha bandari inayofuata. Aliyekwenda kivyake hana dhamana hiyo. Mwishoni mwa Machi 2024, abiria wanane wa meli ya Norwegian Dawn walichelewa katika matembezi ya binafsi kisiwani São Tomé. Meli iling'oa nanga ikawaacha, nao wakalazimika kupita nchi kadhaa za Afrika kuifuata hadi Dakar, Senegal.

Lakini usalama huo una bei, na bei hiyo hailipwi na abiria peke yake. Kampuni ya meli huuza safari kwa bei yake, kisha humpa kazi wakala wa nchi kavu kwa malipo madogo kuliko hayo. Wakala naye hukodi basi, dereva na mwongozaji. Fedha hupungua kila inapopita mkono mmoja. Mara nyingi hata duka la vinyago watakakosimama wageni huwa limekwisha kuchaguliwa, pamoja na dakika watakazokaa humo. Mwenye kibanda mtaa wa pili hulitazama basi likipita.

Hapa ndipo swali la yule kijana linapopata jibu. Vinyago vya jiwe laini vinavyouzwa Mombasa huchongwa na watu wetu wa Tabaka, kusini mwa Kisii. Mgeni anayetembea kwa miguu na mwongozaji wa mtaani, akauliza jiwe hili latoka wapi na nani kalichonga, ni mnunuzi tofauti na yule anayeharakishwa arudi kwenye basi. Tofauti hiyo ya Mombasa hatimaye hufika kwetu.

Lipo pia suala la simulizi. Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593 na kutwaliwa na Waomani mwaka 1698, haielezeki kwa dakika ishirini za kupiga picha. Anayeweza kuieleza ni mtu aliyeisoma historia hiyo na kuijua lugha ya vichochoro vya Mji wa Kale. Tukimwachia mpangaji wa ng'ambo aamue kinachostahili kuonwa, tumemwachia pia aamue sisi ni nani.

Hata hivyo, tusijidanganye. Si kila ajiitaye mwongozaji anafaa. Unguja watu huwalalamikia papasi wanaowaandama wageni, na pwani yetu haikosi wa namna hiyo. Mgeni akitapeliwa mara moja, huwasimulia wenzake mezani melini, na waongozaji waaminifu hupoteza riziki. Isitoshe, meli hizi hazikuwahi kuwa nyingi kwetu. Mashambulizi ya maharamia, kama lile la Seabourn Spirit mwaka 2005 na la MSC Melody mwaka 2009, yaliyatia hofu makampuni mengi. Kila meli inayofika ni nafasi isiyofaa kuchezewa.

Kwa maoni yangu, mgeni anayetaka kwenda Tsavo, mwendo wa kilomita zaidi ya mia moja kwa barabara yenye malori mengi, ana haki ya kusafiri na kampuni ya meli. Lakini anayetaka kuuona Mji wa Kale, ulio kisiwani humo humo, hana sababu ya kumwogopa mwongozaji wa kujitegemea mwenye leseni. Wajibu wa serikali ni kuhakikisha kwamba waongozaji hao wanatambulika kwa urahisi, wana mahali pa heshima pa kusimama bandarini, na bei zao zimebandikwa wazi.

Nasi walimu tuna wajibu wetu. Chuo cha Utalii kipo tangu 1975, lakini mwongozaji haanzii chuoni. Huanzia katika somo la historia, la Kiswahili, la Kifaransa au Kijerumani, masomo ambayo baadhi yetu huwaambia wanafunzi kwamba hayana kazi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wa taaluma ya lugha tukilichambua neno mwenyeji, twaona ndani yake mwenye mji. Wakala anayepokea fedha akiwa ng'ambo hana mji hapa. Mwanafunzi wangu wa Marani anao, na ni juu yetu kumwandaa ili siku mgeni akibisha hodi, awe yeye wa kuitikia.