Magokoro Akisahau Njia, Mtaa Unasema ni Mchawi

Wasee, kabla mcheke tena na mameme za wachawi wa Kisii, kumbukeni Oktoba 2021. Huko Marani, shosho wanne waliuawa na mob. Mwaka wa 2008 Kisii, wazee 11 walichomwa.

Dimensia hufanya mtu asahau njia ya kwake, aongee peke yake, atoke nje usiku. Hospitalini huo ni ugonjwa. Kijijini ni ushahidi.

Sasa kama magokoro wako Birongo ameanza hivyo, utamtoa nje majirani wamwone? Utamficha. Kliniki haendi, usingizi hana, presha juu, na kukaa peke yake kunazidisha kusahau. Halafu ukichimba, mara nyingi aliyeanzisha hiyo umbea anamezea mate shamba.