Cluny Iliuzwa, Haikuangushwa na Vita

Kanisa la abasia ya Cluny, mkoani Bourgogne nchini Ufaransa, halikuangushwa na mizinga wala tetemeko. Liliuzwa. Mwaka 1798, baada ya Mapinduzi ya Ufaransa kuwafukuza watawa, wafanyabiashara walilinunua, wakapasua barabara katikati ya ukumbi wake na kuuza mawe. Ubomoaji uliendelea hadi 1823.

Na lilikuwa kanisa gani hilo! Abate Hugh alianza kulijenga mwaka 1088. Urefu wake ulifikia mita 187 hivi, na hakuna kanisa lililolipita mpaka Roma ilipojenga upya Basilika ya Mtakatifu Petro. Dari lake la mawe lilining'inia takriban mita 30 juu ya sakafu. Mafundi walithubutu kutumia matao yaliyochongoka, ambayo hupunguza msukumo unaozitanua kuta. Sehemu ya dari iliporomoka mwaka 1125. Wakaijenga tena, na mwaka 1130 Papa Innocent II akalitabaruku kanisa.

Leo imesalia kama sehemu moja tu ya kumi, hasa mkono wa kusini na mnara wake wa pembe nane.

Wapo wanaodai kwamba hasara hiyo haikuepukika. Kanisa la Vézelay, mkoani humo humo, linawakanusha. Prosper Mérimée, mkaguzi wa serikali wa majengo ya kihistoria, alilikuta likielekea kuanguka akalipigania, na mwaka 1840 msanifu majengo Viollet-le-Duc, kijana wa miaka 26, akakabidhiwa ukarabati. Bado limesimama. Cheo cha Mérimée kiliundwa mwaka 1830, miaka saba baada ya nyundo kunyamaza Cluny.