Falsafa Isiyosemeka Mbele ya Mama

Ndugu zangu wasomaji, majuzi nilipigiwa simu na dada yangu aliyeko Mji wa Kale, Mombasa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia. "Kaka," aliniambia, "mwanangu huko Nairobi anasomeshwa falsafa. Watu wananiambia ni elimu ya kumkana Mungu. Nenda kamwone, na ukiona ni kweli, mrudishe nyumbani." Mimi ni mjomba, na kwetu Pwani mjomba akitumwa na nduguye juu ya mtoto, hana la kukataa.

Basi Ijumaa, baada ya kusali Jamia katikati ya jiji, nilipanda matatu, nikapita Westlands na kuifuata barabara ya Waiyaki mpaka Kangemi, ambako kijana huyo amepanga chumba. Alinipokea kwa adabu zote: shikamoo mjomba, kiti, chai ya maziwa. Juu ya meza palikuwa na msahafu, na kando yake rundo la karatasi za darasani: Plato, Aristotle, Descartes, Hume, Kant, Marx. Nikamwambia, "Haya, nisomeshe. Chagua mmoja katika hawa, unieleze asemalo."

Alimchagua David Hume, Mskochi aliyefariki mwaka 1776. Alianza kwa Kiswahili, neno la tatu akaingia Kiingereza, akarudi, akakwama, akaomba radhi. Kwa kuvutana tulifika. Hume, alisema, auliza hivi: tuonapo jambo moja likifuatwa na jingine kila mara, twasema la kwanza ndilo lililosababisha la pili. Lakini jicho limeona nini? Limeona kufuatana tu. Hiyo nguvu ya kusababisha hakuna aliyeiona. Ni mazoea ya akili zetu.

Nikacheka, maana nalimjua mwenye maneno hayo kabla ya kumjua Hume. Nilimwuliza kijana kama amepata kusikia habari ya moto na pamba. Hakupata. Nikamweleza kwamba Imam Ghazali, huyu huyu ambaye Ihyaa yake yasomwa katika darsa zetu, aliyaandika hayo zaidi ya miaka 600 kabla ya Hume, katika kitabu chake cha kuwajibu wanafalsafa, Tahafut al-Falasifa. Pamba ikifikiwa na moto huungua. Tuonacho ni kuungua pale moto unapofika. Hatuoni kwamba ni moto uliounguza. Mpaka hapo watu hawa wawili wako pamoja, kisha njia zao zaachana. Ghazali yuasema mtendaji ni Mwenyezi Mungu. Hume aishia kwenye mazoea ya binadamu. Kijana alichukua kalamu akaliandika jina la Ghazali pambizoni, ubavuni mwa jina la Hume.

Sisemi hofu ya dada yangu ni ya kijinga. Wako wanafalsafa wa Ulaya walioikana dini waziwazi, Marx na Nietzsche miongoni mwao. Ghazali naye aliwahukumu wanafalsafa wa Kiislamu, akina Farabi na Ibn Sina, kuwa wamekufuru katika mas'ala matatu. Lakini tutazame alivyofanya. Hakuwahukumu kwa uvumi wa barazani. Aliwasoma, akaandika kitabu cha kueleza makusudio yao na kingine cha kuwajibu. Kisha Ibn Rushd wa Cordoba, aliyefariki mwaka 1198, akamjibu Ghazali kwa kitabu chake. Vitabu vya Ibn Rushd vya kumfafanua Aristotle vilipofasiriwa kwa Kilatini, wanazuoni wa Kikristo wa Ulaya walimwita Mfafanuzi, na Thomas Aquinas alishindana naye kwa hoja huku akijifunza kwake. Neno lenyewe falsafa lilitoka kwa Wayunani, likapita kwa Waarabu, likafika vinywani mwetu. Vipi basi tumwite Socrates mgeni?

Na hapa hapa Nairobi liko jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui. Hayati Profesa Henry Odera Oruka, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi na kufariki mwaka 1995, alichoshwa na madai ya akina Hegel kwamba Afrika haina fikra. Alikwenda kwa wazee wa vijijini akawahoji, akayachapisha katika kitabu mwaka 1990. Aliwagawa wenye hekima mafungu mawili: yule anayehifadhi mila na misemo ya watu wake, na yule anayezijua mila hizo kisha akauliza kwa nini, na kama si sawa akasema si sawa. Huyo wa pili ndiye aliyemwita mwanafalsafa, awe amesoma au hakusoma. Socrates naye hakuacha kitabu alichokiandika mwenyewe.

Mmoja wa wazee hao ni Paul Mbuya Akoko, aliyewahi kuwa Ker wa Wajaluo. Alipoulizwa juu ya Mungu, hoja yake ilikuwa kwamba Mungu ni mmoja kwa watu wote, kwa sababu wangekuwapo miungu wengi wenye nguvu sawa, wangegombana na ulimwengu ungevurugika. Nasi twauona ulimwengu una utaratibu, mbwa huzaa mbwa wala hazai paka. Msomaji uliyekaa chuoni ukihifadhi, fungua Suratul Anbiyaa, aya ya 22, uitazame maana yake. Mzee wa Kijaluo ambaye hakukaa nasi mkekani aliifikia hoja hiyo kwa akili aliyopewa na Mola wake. Kufuru iko wapi hapo?

Kwa hiyo sikumrudisha kijana. Lakini sikutoka Kangemi nimeridhika, kwa kuwa nilipomwambia ampigie mama yake simu amweleze mwenyewe anachosoma, aliinamisha kichwa. "Mjomba," alisema, "kwa Kiswahili sitaweza."

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Anayetutisha hasa si Hume. Tunatishwa na elimu inayoingia nyumbani ikiwa imefungwa midomo. Kitabu cha Oruka kilitoka kwa Kiingereza. Mwaka 2007 Mjerumani Kai Kresse alitoa kitabu juu ya watu wanaofalsafu Mombasa, akimtaja malenga Ahmad Nassir na utenzi wake wa Mtu ni Utu. Nacho ni cha Kiingereza. Mama akisikia mwanawe yuanong'ona asichokifahamu, atadhania ubaya, na nani wa kumlaumu?

Wala msiniambie Kiswahili hakina maneno. Hoja, dhana, mantiki, yakini, shaka, nafsi, akili, sababu: yote haya tunayo, na walimu wetu waliyatumia kabla ya kujengwa reli. Mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alimtoa Shakespeare kwa Kiswahili, na Kiswahili hakikuvunjika. Nawaomba vijana wetu wasomao falsafa, kila mmoja amwandike mwanafalsafa mmoja kwa kurasa mbili za Kiswahili safi, azisome barazani mbele ya wazee, akubali kuulizwa. Nasi wazee tuulize, tusitukane.

Tulikaa mimi na yeye mpaka adhana ya magharibi tukitafuta maneno. Baada ya kusali alimpigia mama yake, akamweleza habari ya Hume, kisha ya Ghazali, akitumia pamba na moto. Dada yangu alinyamaza kitambo. Halafu nikamsikia akiuliza, "Na huyo Mzungu, hayo mazoea anayoyasema, nani aliyemtia?"

Kijana alinitazama, hana jibu. Nikamwambia, "Liandike swali hilo. Jumatatu mpelekee mwalimu wako."