HISA MOJA HAIWEZI KUSHIKA MAHALI PA MSHAHARA

Ndugu Wafanyakazi,

Siku hizi katika miji yetu ya Nyeri, Karatina, Nanyuki, Embu na Meru kuna maneno yanayosemwa sana, na wenye kuyasema ni watu waliovaa suti nzuri. Wasema hivi: "Mfanyakazi ni maskini kwa kupenda kwake. Lau angalinunua hisa za Safaricom mwaka 2008 akatulia nazo, angalikuwa tajiri." Matajiri wetu wanayapenda sana maneno haya, kwa sababu yanageuza mshahara mdogo kuwa kosa la yule anayeupokea.

Hatutajibu kwa matusi. Tutajibu kwa hesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Hesabu yao ni hii. Tarehe 28 Machi 2008 Serikali ilianza kuuzia watu hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila hisa. Hukuweza kuomba chini ya hisa 2,000, yaani shilingi 10,000. Mwaka 2021 bei ya hisa moja ilipita shilingi 40. Basi wao huzidisha 2,000 kwa 40, wakapata 80,000, wakapiga makofi. Hesabu hiyo ni tamu, lakini imeficha mambo manne.

La kwanza. Aliyelipia hisa 2,000 hakupewa hisa 2,000. Maombi yalizidi hisa zilizokuwapo zaidi ya mara nne, na mwananchi wa kawaida alipata kama hisa 21 katika kila 100 alizoomba. Kwa hivyo mwenye shilingi 10,000 alitoka na hisa kama 420. Hata kwa bei ya shilingi 40, hizo ni shilingi 16,800, si 80,000. Fedha iliyobaki ilirudishwa baadaye, na waliokuwa wamekopa benki walilipa riba juu ya fedha ambayo haikununua kitu. Tena mwaka ule kima cha chini cha kibarua wa shamba hakikufika shilingi 4,000 kwa mwezi. Twauliza: nani katika vibarua wa chai na kahawa alikuwa na mshahara wa miezi miwili na zaidi umelala tu, unangoja hisa?

La pili. Wasema "akatulia nazo", kana kwamba kutulia ni bure. Hisa zilianza kuuzwa sokoni tarehe 9 Juni 2008, na siku ile bei ilipita shilingi 7. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3, na kwa miaka kadhaa ikazunguka chini chini. Mwenye mshahara mkubwa na nyumba za kupangisha aliweza kungoja. Lakini mtoto wa mfanyakazi akiitwa kidato cha kwanza, au mama akilazwa hospitali, mfanyakazi huuza kwa bei ya siku hiyo, hata ikiwa ni hasara. Faida ya kungoja miaka 13 humwendea yule asiyeihitaji fedha hiyo kwa miaka 13. Hapa ndipo siri yote ilipo, na wenye suti hawaitaji.

La tatu. Wao wanachagua mshindi baada ya mbio kwisha. Kabla ya mbio, nani alijua? Mwaka 2006 hisa za KenGen ziliuzwa kwa shilingi 11.90, zikapanda upesi mara mbili na zaidi, na habari hiyo ndiyo iliyowakimbiza wengi kwenye foleni ya mwaka 2008. Mwaka 2023 hisa hizo hizo zilikuwa chini ya shilingi 3. Za Kenya Airways ziliuzwa kwa wananchi mwaka 1996 kwa shilingi 11.25; tangu Julai 2020 hadi Januari 2025 hazikuuzika sokoni hata moja. Na kama mtu angalitafuta kampuni ya ufundi wa simu kwa kutazama mifuko ya watu sokoni Karatina mwaka 2008, angalichagua Nokia. Mwaka 2014 Nokia ilikuwa imekwisha kuuza kazi yake ya kutengeneza simu kwa Microsoft.

La nne. Wanasimamisha saa pale panapowapendeza. Bei ya mwaka 2021 haikukaa. Mwisho wa mwaka 2023 ilikuwa karibu shilingi 14. Kwa bei hiyo hisa 420 ni shilingi 5,880. Mgao wa faida wa mwaka ulioishia Machi 2024 ulikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, basi hisa 420 zilileta shilingi 504 kwa mwaka mzima, kabla ya kodi. Afadhali kuwa nazo kuliko kukosa, lakini haziwezi kulisha nyumba.

Sisi watu wa Mlima hatuhitaji kufundishwa jambo hili na mtu yeyote. Wazee wa Othaya, Tetu na Mukurweini wanakumbuka mwaka 1989, mapatano ya kahawa ya dunia yalipovunjika na bei ikaanguka. Aliyekuwa na kahawa peke yake alilia. Aliyekuwa pia na ng'ombe wa maziwa, maharagwe na chai kidogo alisimama.

Hatusemi hisa ni haramu. Mwanachama mwenye akiba iliyobaki baada ya chakula, karo na dharura, na anunue akipenda, kwa macho wazi. Lakini twasema hivi:

1. Mtu asikope kwenye Sacco wala benki kununua hisa za kampuni moja.

2. Mtu asimpe wakala fedha yake kabla ya kuhakikisha kwamba ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Mwezi ule ule wa Machi 2008, Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi, na wenye hisa wakahangaika.

3. Mwenye hisa zake za zamani aulizie migao yake. Isiyodaiwa kwa miaka hupelekwa kwa Mamlaka ya Mali za Kifedha Zisizodaiwa, na mwenyewe au warithi wake wana haki ya kuidai.

4. Kila mwanachama adai taarifa yake ya NSSF aone kama tajiri amepeleka makato. Hiyo ni akiba yako tayari, nayo haitaki bahati.

5. Tajiri akileta hadithi ya hisa wakati wa kudai nyongeza ya mshahara, mjibuni: "Twaomba nyongeza kwanza, ndipo tupate cha kununulia."

Ndugu, "lau ningalijua" haijapata kujaza sufuria ya mtu. Mkataba mzuri wa kazi, uliotiwa sahihi na chama kizima, hulipa kila mwisho wa mwezi, bei ya soko iwe juu au chini. Huo ndio tuushike, na tusiuachilie.

Umoja ni nguvu.